Kuchagua Mimea ya Ua wa Nyumba na Shamba katika Milima ya Usambara

Mkulima, ukitaka kuzungushia nyumba yako au bustani yako ua wa miti hai, usianze kwa kuuliza upande mti gani. Anza kwa kuuliza ua huo ni wa kazi gani. Ua wa kuzuia mbuzi si sawa na ua wa sitara, na ua wa kukinga kabeji upepo si sawa na ua wa kumzuia mwizi wa karoti usiku. Upo mti ufaao kwa kazi mbili. Mti ufaao kwa kazi zote haupo, na mtu akikuambia upo, huyo anauza miche.

Tena fikiri kwamba ua ni jambo la muda mrefu. Ukikosea mbegu ya mahindi, masika ijayo utapanda nyingine. Ukikosea ua utakaa nao miaka thelathini, na jirani yako atakaa nao vilevile, na watoto wenu watarithi ugomvi pamoja na miti. Kwa hiyo siku mbili tatu za kufikiri na kupima kabla ya kununua miche si siku zilizopotea.

Shambaai na nyika

Wenyeji wa Usambara tangu zamani waliigawa nchi yao sehemu mbili: Shambaai, yaani milimani penye baridi na mvua, na nyika, yaani tambarare ya chini yenye joto na ukame. Mgawanyo huo wafaa sana kwa mtu achaguaye mimea ya ua. Mji wa Lushoto uko meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Magamba ni juu zaidi. Mombo, kule chini kwenye barabara kuu, hapafiki meta 500. Kati ya Mombo na Lushoto ni safari fupi ya gari, lakini kwa mmea ni kama kuhamia nchi nyingine. Vipandikizi vizuri ulivyoviona Mombo au Mazinde usivipakie garini kwa furaha mpaka umejua kama vitastahimili baridi ya Juni na Julai.

Kwa watu wa chini shauri ni fupi. Mnyaa, mbono kaburi na mkonge vyote huota kwa urahisi na mifugo haivipendi. Mkonge wajulikana na kila mtu wa Tanga tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893. Ukipandwa karibu karibu huwa ukuta wa mikuki, ila huacha nafasi chini ambamo kuku hupita, na machipukizi yake yasipong'olewa husogea mpaka kwenye shamba. Mbono kaburi hupandwa kwa kuchomeka fimbo tu wakati wa mvua. Mbegu zake ni tamu kidogo mdomoni lakini ni sumu, na watoto huzila wakidhani ni karanga. Basi nyumba yenye watoto wadogo iuweke mbali na uwanja wa kuchezea.

Mnyaa wataka maneno zaidi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huchoma vikali, na mtu aweza kukaa siku kadhaa bila kuona vizuri, hata kuumia kabisa asipotibiwa. Anayekata mnyaa asimame upande upepo utokako, afunike mikono, na asijifute uso. Utomvu ukiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, endelea kuosha kwa muda mrefu, kisha mpeleke mgonjwa zahanati. Usitie dawa ya mitishamba wala maziwa. Vipandikizi vya mnyaa viache kivulini siku chache mpaka jeraha likauke ndipo uvipande. Vikipandwa vibichi penye unyevu mwingi huoza. Ndiyo sababu milimani penye ukungu haupendezi.

Mchongoma ni upi?

Ukimwuliza mtu yeyote ua wa miiba ni wa mti gani, atakujibu, "Michongoma." Jibu hilo halitoshi. Jina la mchongoma ni jina la miiba zaidi kuliko jina la mti, na watu huliita kwa miti miwili au mitatu isiyo ndugu. Mmoja ni mti wa pwani na nyika, wenye vijani vidogo vinavyokaa viwili viwili, na maganda yaliyojikunja kama pete yenye nyama nyeupe au ya waridi ambayo watoto huila. Huo ni wa joto. Mwingine ni ule uitwao pia kayaba, ulioletwa kutoka Afrika ya Kusini, wenye majani ya kijani kibichi yanayong'aa, miiba mirefu iliyonyooka, na tunda la mviringo la rangi ya manjano, kali kama ndimu. Huu wa pili ndio wa kutafuta milimani. Basi ununuapo miche usiridhike na jina. Tazama jani, na kama waweza kamtazame mama yake.

Kayaba ni mti mvumilivu. Wastahimili baridi yetu, wastahimili jua la Januari na Februari, na ukikatwa huchipua upya mpaka chini. Miiba yake yaweza kufikia urefu wa kidole, na ua uliokomaa mbuzi hapiti, ng'ombe hasukumi, wala mtu hajaribu mara ya pili. Ubaya wake ni mmoja, nao ni uvivu wa kukua mwanzoni. Mbegu iliyotolewa katika tunda bivu, ikaoshwa na kuanikwa kivulini, huota vizuri ikipandwa ingali mpya. Lakini mche hukaa kitaluni miezi sita hivi au zaidi, na baada ya kupandwa yakupasa kungoja miaka mitatu au minne kabla ya kusema ua umefunga. Wengi huchoka mwaka wa pili. Huona miche mifupi, husahau kupalilia, mbuzi huingia wakala vichipukizi ambavyo miiba yake bado laini, kisha husema mti haufai. Mti wafaa. Ni mwenyewe aliyeuacha peke yake.

Mti dume na mti jike ni mbalimbali. Anayetaka matunda ya kupikia jamu aache miti michache, dume na jike, ikue bila kukatwa pembeni mwa shamba. Ua unaokatwa kila mara hutoa matunda machache tu.

Mimea ya kukataa

Ipo mimea inayofunga ua upesi kuliko kayaba, na upesi huo ndio hatari yake. Lantana hupendeza kwa maua yake ya rangi nyingi, na kwa miaka miwili tayari ni kichaka. Lakini ndege hula tunda lake na kuipanda katika kila shamba la kijiji, na ng'ombe akila majani yake kwa wingi huugua ini, ngozi ikapasuka kwa jua. Mti wa miiba wa Mauritius, wenye miiba iliyopinda kama ndoana na maua ya manjano, huzuia hata nyati. Nao pia hautulii mahali pamoja. Hutambaa juu ya miti, hushuka bondeni na maji, na kuung'oa ni kazi ya damu.

Watu wa Usambara tunayo sababu ya pekee ya kuogopa mimea ya namna hii. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani, katika Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, wakapanda huko miti kutoka pande zote za dunia. Mingi ilitufaa. Mingine ilitoka bustanini ikaingia msituni, na mpaka leo lantana na mimea mingine ya kigeni inasongamana na miti ambayo haipatikani mahali pengine po pote ulimwenguni ila katika milima hii. Anayekaa karibu na msitu wa Magamba au Shume asilete ua wa mmea usambazwao na ndege bila kuuliza.

Oleanda ni sumu kila sehemu yake, jani, ua na kijiti. Ng'ombe mmoja aliyelishwa matawi yaliyokatwa anatosha kukupa hasara ya mwaka mzima. Duranta, ambayo siku hizi yaonekana sana mijini, si mbaya hivyo, ila vitunda vyake vya manjano visiliwe na watoto.

Ua wa sitara

Neno ua katika Kiswahili lina maana ya kizuizi na tena lina maana ya uwanja ule wa nyuma ya nyumba ambamo watu hupika, hufua na kukaa bila kutazamwa. Basi anayetaka sitara hana haja ya miiba. Anahitaji majani mengi kutoka chini mpaka juu ya kichwa cha mtu, mwaka mzima.

Milimani watu wengi hupanda msaipresi, na ukikatwa vizuri hapana ua unaopendeza zaidi. Lakini jua mambo mawili. La kwanza, msaipresi hauchipui kutoka kwenye mti mkavu wa ndani. Ukichelewa kuukata, kisha ukaukata mno mpaka kwenye sehemu ya kahawia, tundu hilo litabaki tundu. Ukate kidogo kidogo na mara kwa mara. La pili ni vidukari. Wadudu hawa wa msaipresi walionekana Malawi mwaka 1986, wakafika Tanzania 1988 na Kenya 1990, wakakausha miti mingi katika nyanda za juu. Baadaye aliletwa nyigu mdogo anayewaua, na hali ikawa nafuu, lakini ua wa msaipresi mtupu bado ni kuweka mayai yote katika kikapu kimoja. Ukiona matawi yanageuka kahawia toka ndani na ukungu mweusi juu ya majani, kata sehemu hiyo uichome.

Mimi napendelea mchanganyiko. Upande wa barabara weka kayaba. Upande wa ndani, nyuma yake, weka kaliandra au mforosadi. Miiba huzuia, majani huficha, na tena majani hayo ni chakula. Alizeti pori nayo hufunga haraka mahali pa choo au bafu la nje, na majani yake machanga ukiyafukia shambani ni mbolea nzuri kwa mahindi na mboga, kama vile wakulima wetu wafanyavyo na tughutu. Ila ikate kabla ya kutoa mbegu, maana nayo hupenda kutembea.

Ua ulishao ng'ombe

Mradi wa hifadhi ya ardhi na kilimo mseto ulioanza Lushoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifundisha watu kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi na kupanda majani ya Guatemala katika kingo za makinga maji. Leo kazi ya kutafuta majani yamwangukia zaidi mama na watoto, ambao hupanda na kushuka milima na mzigo kichwani. Ua wa kaliandra hupunguza safari hizo. Utafiti uliofanywa Embu, Kenya, ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra humfaa ng'ombe wa maziwa karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani, na kwamba vichaka 500 hivi vyaweza kumtosheleza ng'ombe mmoja kwa kilo 6 kila siku. Nyuki pia huyapenda maua yake. Uanze kuukata ukiwa na umri wa mwaka mmoja, kwa urefu wa kufikia kiuno, wala usiukate karibu na ardhi.

Lakini utamu huo ni kwa mbuzi wa jirani vilevile. Kaliandra peke yake kando ya njia italiwa mpaka kijiti. Ndiyo maana nimesema ikae nyuma ya miiba.

Mteremko na maji

Katika nchi ya milima ua ni kazi ya udongo pia. Sehemu ya ua inayokata mteremko, yaani inayofuata usawa, hushika udongo ushukao, na baada ya miaka utaona ngazi imejijenga yenyewe. Panda majani ya Guatemala upande wake wa juu, udongo usipite katikati ya mashina. Sehemu ya ua inayoshuka na mteremko ni jambo jingine. Hapo watu hupita, njia hutokea, maji huifuata njia, na mwisho wake ni korongo kati ya majirani wawili. Chimba vizuizi vifupi vya kuyatoa maji kwenye majani kila baada ya hatua kumi au kumi na tano, na njia ya miguu iwe moja, iliyokubaliwa.

Wazee wa Mlalo hawahitaji kufundishwa habari hii. Mpango wa serikali ya kikoloni ulioanza huko mwaka 1946 uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, watu wakayachukia, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa. Tuta la amri halina mwenyewe wa kulitengeneza. Ua ni hivyo hivyo: usimpandie jirani ua asioutaka.

Mpaka na jirani

Kabla ya kuchimba, mwite jirani mwende pamoja mpakani, na shahidi mmoja au wawili. Mahali pengi hata huku, kama kule Upare na Uchagani, mpaka umewekwa masale tangu zamani za babu. Usiyang'oe kamwe. Panda ua wako meta moja ndani ya upande wako, ili upate pa kusimama wakati wa kukata bila kukanyaga maharage ya mtu. Mgrevilea, ukiutaka juu ya ua kwa mbao na kuni, uwe ndani zaidi na matawi yake ya chini yapunguzwe kila mwaka. Mkaratusi usipande mpakani wala karibu na chemchemi. Katika milima hii wakulima wengi wameulalamikia kwa kunyonya maji na kuyadhoofisha mazao ya jirani, nao wana haki.

Mizizi ya ua ikianza kuingia shambani kwa mtu, chimba mfereji wa kina cha mkono mmoja kando ya ua upande huo, ikate mizizi, ufukie. Ugomvi ukiisha kutokea, pelekeni kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kwa kazi ya kupatanisha. Ni rahisi kuliko kwenda mahakamani, na hakuna anayepoteza siku za palizi.

Hesabu na upandaji

Tuseme bustani yako ni nusu eka, mraba wa meta 45 kila upande. Mzunguko wake ni meta 180; toa meta 3 za lango. Ukipanda mstari mmoja, mche hadi mche sentimeta 30, wahitaji karibu miche 600. Mistari miwili yenye kupishana ni karibu 1,200. Ongeza mche mmoja kwa kila kumi, wa kuziba mapengo. Hesabu hii huwashtua wengi, basi gawanya kazi: mwaka huu upande wa barabara na njia ya mbuzi, mwaka ujao pande nyingine. Afadhali upande mmoja uliofungwa kuliko pande nne zenye matundu.

Chimba mfereji wenye upana na kina cha sentimeta 45, si vishimo. Rudisha udongo wa juu kwanza uliochanganywa na samadi iliyooza. Panda mvua za masika zikisha kushika, yaani mwishoni mwa Machi au Aprili, na mapengo uyazibe wakati wa vuli. Mche ukifika sentimeta 30 ukate kilele chake. Najua moyo huuma kukata mti uliongojewa hivyo, lakini ua usiokatwa mapema huwa na majani juu na miguu mitupu chini, na mbuzi hapiti juu. Kwa sababu hiyo hiyo ukate ua upana wake uwe chini na wembamba wake juu, jua lifike mpaka kwenye matawi ya chini.

Usafi

Ua usiguse nyumba wala ghala la mahindi. Acha meta tatu za uwanja unaofagiliwa. Kuanzia mwaka 1980 wilaya hii ya Lushoto iliteswa na tauni kwa zaidi ya miaka ishirini, na ugonjwa ule huletwa na viroboto wa panya. Panya hupenda shina la ua lililojaa takataka, magunzi na majani makavu. Safisha chini ya ua kila mwezi, usitupe mabaki ya jikoni hapo, na ukiona panya wengi wamekufa wenyewe usiwashike kwa mkono. Toa habari upesi kwa zahanati. Shina safi huondoa pia maficho ya nyoka.

Ukisha kukomaa, ua ukatwe mara mbili kwa mwaka, mvua za masika zikiisha na tena za vuli zikiisha. Makato ya miiba usiyaache njiani wapitapo watoto waendao shule. Yakusanye siku ile ile, na yale marefu uyachomeke penye mapengo kuikinga miche mipya na mbuzi mpaka ishike.